Waliokosa Laini Mutomo

Mwezi uliopita tulimzika jirani yangu hapa karibu na Sultan Hamud, na watu walikuja wengi hata magari yakaegeshwa mpaka kando ya barabara kuu. Ibada ilipoanza, nyinyi vijana mkatoa simu kuwatumia picha walioko Nairobi na ng'ambo. Haikwenda hata moja. Nikawaona mkiinua simu juu ya vichwa, mkizizima na kuziwasha tena, na mmoja wenu akasema kwa sauti, "Aii, hii network ni bure kabisa!" Nilicheka, pale pale mazishini, mpaka mke wangu akanifinya.

Sikuwa nawacheka nyinyi. Nilikuwa namcheka mhandisi, popote alipo, aliyekaa ofisini akakadiria kwamba kwenye mnara wa simu wa pale watu kadhaa tu ndio watakaotaka kuzungumza kwa wakati mmoja. Kwa miaka thelathini na kitu mhandisi huyo alikuwa mimi. Naitwa Musembi. Siku hizi nimestaafu, nalima ndengu huku Makueni na nafuga kuku ambao mwewe anawapenda kuliko ninavyowapenda mimi. Lakini kazi yangu katika shirika la simu ilikuwa moja tu: kukokotoa ni watu wangapi watakosa laini. Msidhani kukosa laini ni ajali. Tulikuwa tunapanga, kwa penseli na kitabu, wangapi wapate na wangapi wakose.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Bwana Nzioka, mkubwa wangu wa kwanza, mtu mfupi, mkali, aliyefunga tai hata siku ya kupanda nguzo. Wiki yangu ya kwanza nilimjia na cheti changu cha hesabu nikidhani atanipa meza na karatasi. Badala yake alinipeleka Sultan Hamud, akaniketisha kwenye baraza ya duka lililotazamana na kinyozi. Kinyozi huyo alikuwa na viti viwili na hakuwa na benchi ya kungojea.

"Hesabu," akaniambia, akaenda zake.

Nilikaa pale kwa saa sita. Aliporudi nilimwonyesha karatasi yangu kwa fahari: wateja kumi na tisa, kila mmoja dakika kumi na tano hivi.

"Na wale walichungulia wakaenda?" akauliza.

"Wale gani, sir?"

"Walioona viti vimejaa wakaenda zao. Hao ni wangapi?"

"Hao hawakunyolewa, sir."

"Ndiyo nakuuliza sasa! Wewe umehesabu vichwa zilizonyolewa. Sisi kazi yetu ni vichwa zilizorudi nyumbani na nywele."

Nikarudi kwenye baraza siku ya pili, nikawahesabu waliochungulia. Walikuwa karibu mtu mmoja katika kila watano. Jioni yake Bwana Nzioka alifungua kitabu chake cha jedwali na kunionyesha kwamba kitabu kingeweza kumwambia kinyozi idadi hiyo hiyo bila mtu kuketi juani siku mbili. Fomula yenyewe aliitunga mtu wa Denmark zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mpaka leo kompyuta zenu zinaitumia, hata kama hamuioni. Unaiambia mambo mawili. La kwanza ni mzigo: watu wangapi wanakuja kwa saa, na kila mmoja anakaa muda gani. La pili ni idadi ya viti. Yenyewe inakujibu ni sehemu gani ya watu watakuta viti vimejaa na kuondoka. Badala ya kiti sema laini, na badala ya kunyolewa sema mazungumzo, basi umekuwa mhandisi kama mimi.

Lakini kuna sharti moja, na liliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, ule ambao hakuna mtu husoma. Fomula inaamini kwamba wanaokuja hawajaambiana. Kila mmoja anakuja kwa wakati wake, kwa shida yake, bila kujua kuna mwingine njiani. Lishikeni hilo, maana karibu limfukuzishe kazi mtu ambaye hakukosa lolote.

Mji ambao fomula ile ilikaa vizuri kuliko yote niliyopima ni Makindu. Pale watu ni wa safari. Basi linasimama, lori linasimama, familia imetoka kula pale kwenye hekalu la Masingasinga ambako msafiri hukaribishwa chakula, na mmoja anakumbuka kupiga simu nyumbani kwamba wamefika salama. Hakuna anayemjua mwenzake. Nilipima Makindu siku tano, nikafungua jedwali, na nilichokisoma kitabuni ndicho nilichokiona kwa macho, tofauti ikiwa simu moja au mbili tu. Nilirudi ofisini nikitembea kwa madaha. Ubaya wa kupatia mapema ni kwamba unaacha kuuliza maswali, na mimi niliacha kabisa.

Kabla sijafika kwenye kosa kubwa niwape dogo, mcheke kidogo. Wakati mmoja nilikuwa napima laini ya kwenda Ikutha, na kipimo kikaonyesha inatumika mfululizo, mchana na usiku, bila kupumua. Nikaandika ripoti kwamba watu wa Ikutha wameongeza sana mazungumzo na wanahitaji laini mbili zaidi. Bwana Nzioka akaisoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Wanaongea masaa ishirini na nne? Kwani huko kuna mkutano ya injili?"

Akanituma nikaangalie. Tembo alikuwa amejikuna kwenye nguzo mpaka ikalala, nyaya mbili zikagusana, na kipimo changu kikadhani ni watu wanaongea. Tangu siku hiyo nimewaambia wote waliofanya kazi chini yangu: namba ikikushangaza, vaa viatu uende ukaione. Na msipime wiki ya kwanza ya mvua huku Ukambani. Kila mtu yuko shambani, simu zimenyamaza, na utaandika kwamba mji mzima hauhitaji simu.

Sasa Mutomo. Enzi hizo laini za Mutomo kwenda Kitui zilikuwa nne. Hakukuwa na mitambo ya kujiendesha, kulikuwa na chumba kidogo nyuma ya posta, na ndani yake ubao wenye matundu na nyaya za kuchomeka. Mwenye simu dukani, shuleni au hospitalini alizungusha mkono wa simu yake, kifuniko kidogo kikaanguka kwenye ubao, na opereta akauliza anataka nani. Opereta mwenyewe aliitwa Mama Mwende, mama mjane mwenye watoto watatu shuleni. Alijua sauti ya kila mtu wa Mutomo, na watu walimwamini kwa sababu hakuwa na tabia ya kusikiliza. Akishaunganisha watu wawili na kuhakikisha wanasikizana, alivua hedifoni masikioni.

Nilikaa naye wiki moja nikipima. Kila dakika tatu nilitazama ni nyaya ngapi zimechomekwa na kuweka alama kwenye karatasi. Mwongozo wetu ulisema tupime saa yenye shughuli nyingi, na uliandikwa na watu wa miji ya maofisi, kwa hiyo nilipima saa nne hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi. Saa sita na nusu nilivuka barabara kwenda hoteli ya jirani, na saa nane nilirudi. Muthokoi wa hoteli ile, vijana, mahindi yake yalikuwa yamekobolewa vizuri, maharagwe yameiva, na kando kuna kachumbari. Sijapata kula mwingine kama huo.

Kila siku nilimkaribisha Mama Mwende. "Uka tuye," nilimwambia, njoo tule.

"Enda tu, Injinia. Mimi nitakula saa tisa."

"Kila siku saa tisa? Utapata vidonda vya tumbo."

"Nishazoea."

Siku tano alinijibu hivyo hivyo. Mimi nikadhani ni mtu wa kupenda kazi tu. Sikuuliza ni kwa nini mtu mzima aliyeamka alfajiri hali mpaka saa tisa.

Hesabu yangu ilitoka safi. Saa yenye shughuli nyingi ilikuwa na simu tisa, kila moja dakika tatu. Hizo ni dakika ishirini na saba za mazungumzo ndani ya dakika sitini, mzigo usiofika hata nusu ya laini moja. Jedwali likasema kwamba hata wakiachiwa laini tatu, atakayekosa hafiki mtu mmoja katika mia. Nikaandika kwamba laini ya nne ya Mutomo haina kazi, na Makindu wanaihitaji. Ripoti ilisifiwa. Bwana Nzioka aliipeleka juu, na nikasikia kwamba jina langu limependekezwa kwenda makao makuu Nairobi, kitengo cha mipango. Mafundi wakaja wakahamisha laini, na Mutomo ikabaki na tatu.

Miezi michache baadaye nikaletewa barua ya kuitwa Kitui kama shahidi. Kulikuwa na kikao cha nidhamu, na mshtakiwa ni Mama Mwende, aliyekuwa amesimamishwa kazi na kupewa barua ya onyo.

Mambo yalikuwa hivi. Siku moja, saa saba na dakika ishirini mchana, hospitali ya misheni ilizungusha simu. Mama mmoja alikuwa amejifungua na damu haikatiki, wakataka kuongea na Kitui waletewe damu upesi. Laini zote tatu zilikuwa na watu. Mama Mwende alichomoa waya mmoja na kuwapa hospitali. Damu ilikuja, na mama yule akapona. Lakini mtu aliyekatiwa mazungumzo alikuwa mheshimiwa mmoja, jina lake nitalihifadhi, na alishtaki kwamba opereta alikuwa anamsikiliza, hakupenda anachokisema, akamkata kwa chuki. Sheria ilimruhusu opereta kukata simu kwa ajili ya hospitali, ila kwa sharti kwamba laini zote zimejaa. Mheshimiwa alisema hazikuwa zimejaa. Laini nyingine mbili zilikuwa na simu zilizoingia kutoka Kitui, na simu za kuingia hazikuandikwa Mutomo, kwa hiyo Mama Mwende hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Karatasi pekee iliyokuwa mezani ni ripoti yangu, yenye sahihi yangu, inayosema kwamba Mutomo laini tatu hazijai.

Nilikwenda Kitui nimevaa suti. Nawaambia ukweli, nilikwenda nikiwa na furaha, maana kuitwa shahidi kwa ajili ya hesabu yako ni heshima. Nilimkuta Mama Mwende kwenye benchi nje ya chumba cha kikao, amefunga leso safi kichwani, mkoba mapajani. Nikamsalimia kwa haya kidogo. Alinisogezea nafasi niketi.

"Injinia, nikuulize kitu bila ubaya," akasema. "Ulikuwa unahesabu saa ngapi?"

"Saa nne mpaka saa sita. Halafu saa nane mpaka kumi."

"Na saa saba?"

 "Saa saba nilikuwa nakula, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba.

Alinitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa akafuta macho, huku mtumishi wa ofisi akituchungulia kwa dirisha. 

"Redio inasoma habari saa saba," akasema alipopumua. "Ikimaliza habari inasoma nini?"

"Matangazo ya vifo."

"Sasa ukisikia jina la mtu wa kwenu amesomwa, utafanya nini? Utangoja kesho?"

 Redio ilikuwa moja nchi nzima, na kwetu nyumbani pia mama yangu alikuwa ananyamazisha watu wote kwa mkono matangazo yakianza. Tangazo likiisha, Mutomo nzima ilikimbilia simu. Huyu anataka kumwambia ndugu yake Kitui, yule anataka kuuliza maiti itafika lini, mwingine hataki kuamini na anataka kusikia kwa sikio lake. Walioko Kitui nao walikuwa wanapiga kuja Mutomo kwa sababu ile ile. Hao ndio watu ambao fomula yangu iliamini hawajaambiana. Redio ilikuwa imewaambia wote kwa pamoja.

"Kwa nini hukuniambia wiki ile?" nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa na lawama, Mungu anisamehe.

"Wewe hukuuliza. Na mimi nilifikiri mtu wa hesabu amejua. Si ulikuwa na kitabu?"

Akafungua mkoba, akanitolea daftari dogo la shule. Ndani alikuwa ameandika kila mtu aliyeambiwa laini zimejaa, jina na dakika, ili nafasi ikipatikana awapigie kwa zamu bila kuruka mtu. Hakuna aliyemwagiza. Alifanya hivyo kwa sababu aliona si haki mwenye kelele apate laini kabla ya mnyonge. Siku ya hospitali ilikuwamo: kufikia saa saba na dakika ishirini, majina manne yalikuwa yanangoja. Nikachukua bahasha ya barua yangu ya ushahidi na nyuma yake nikaanza kupiga hesabu. Nikijumlisha walioandikwa kwenye daftari na wale aliowaunganisha Mama Mwende, nusu saa baada ya matangazo yaliombwa mazungumzo thelathini na moja. Mzigo ulikuwa zaidi ya laini tatu. Kwa laini tatu, fomula ile ile ya yule wa Denmark ilisema atakosa zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu. Hata zile nne za kwanza hazikutosha, angekosa mmoja katika watano. Ili akose mmoja katika mia kama nilivyoandika, Mutomo ilihitaji laini nane. Na mimi nilikuwa nimewanyang'anya moja.

Tukaitwa ndani. Kulikuwa na wazee watatu mezani, na mmoja wao ni Bwana Nzioka na tai yake. Mwenyekiti alisoma ripoti yangu kwa sauti, akaifunga.

"Hapa imeandikwa laini kujaa ni mara moja kwa mia. Mama, unataka tuamini hiyo moja iliangukia mheshimiwa?"

Mama Mwende alisema, "Zilikuwa zimejaa, Mzee. Hujaa kila siku hiyo saa."

"Engineer anasema hazijai." Akanigeukia. "Bwana Musembi, wewe ndiye mwenye hii hesabu. Iko sawa au haiko sawa?"

Vijana, niliwaona watu wawili kwa wakati mmoja. Niliona Musembi wa Nairobi, na ofisi yenye zulia. Na nilimwona mama huyu akirudi Mutomo kuwaambia watoto wake kwamba hana kazi. Ningeweza kujificha. Hesabu ya saa nne ilikuwa sawa kabisa, na hakuna mtu pale mezani, isipokuwa mmoja, ambaye angejua nimekwepa. 

"Haiko sawa, Mzee," nikasema. "Makosa ni yangu. Sikupima saa saba."

"Kwa nini hukupima saa saba?"

"Nilikuwa nimeenda kula."

Mmoja wa wazee alikohoa kuficha kicheko. Nikaomba ruhusa, nikaweka daftari na bahasha mezani, nikawaeleza kuhusu redio na matangazo. Nilieleza vibaya, nikirudia maneno, lakini walikuwa watu wa hapa na kila mmoja alikuwa amepoteza mtu kupitia redio ile. Mwenyekiti hakuhitaji jedwali. Akasema hata yeye dada yake alisomwa saa saba, na alipiga simu mpaka saa kumi bila kupata.

Bwana Nzioka alikuwa ameinamia bahasha yangu akifuata hesabu kwa ncha ya kalamu. Alipofika mwisho alivua miwani. "Ulihesabu walionyolewa tena," akasema, na hakuna mwingine aliyeelewa isipokuwa mimi.

Mama Mwende alirudishiwa kazi yake siku hiyo hiyo, na barua ya onyo ikachanwa. Nairobi alikwenda mtu mwingine. Sitawadanganya kwamba sikuumia, niliumia kama mwaka mzima. Lakini Bwana Nzioka hakunitupa. Alinirudisha barabarani, kutoka Kitui hadi Mutomo, kutoka mji wa Wote hadi Makindu, na akanipa amri ya kupima upya kila mji, saa zote za mchana, na kumuuliza opereta kabla ya kufungua kitabu. Kila kitu ninachokijua nilikijua katika miaka hiyo ya kurudia. Nikijumlisha maisha yangu, watu walionifanya mhandisi ni wawili, mwalimu mmoja mwenye tai na mama mmoja aliyenisogezea nafasi kwenye benchi wakati karatasi yangu inataka kumla. Bwana Nzioka tulimzika miaka mingi iliyopita. Mama Mwende yuko hai, ni bibi wa wajukuu wengi, na kila nikivuna ndengu namtumia gunia. Yeye husema ni nyingi mno. Mimi naona ni kidogo.

Na wale wenu mnaopanga minara leo mna kila kitu. Mtambo unawaandikia kila simu, hadi sekunde. Lakini yule aliyejaribu mara tatu akakata tamaa, akatembea kwa miguu kwenda kumtafuta mtu wake, mtambo unamwandika kama majaribio matatu au haumwandiki kabisa. Ulizeni watu husikia nini pamoja, na saa ngapi. Ulizeni ibada inatoka lini na mnada wa mbuzi unaisha lini. Mkishajua hayo ndipo mfungue kompyuta.

Nimalizie na siku tuliporudisha laini ya nne. Nilikwenda na mafundi mwenyewe, sikutaka kutuma mtu. Tulipomaliza kuijaribu ilikuwa inakaribia saa saba, na Mama Mwende akavua hedifoni yake, akainuka kwenye kiti.

"Keti hapa, Injinia."

"Mimi si opereta, mwaitu."

"Najua. Keti."

Nikaketi. Redio ya posta ilikuwa inasikika kupitia ukutani. Habari ziliisha, matangazo yakasomwa, jina baada ya jina, wa Kitui, wa Machakos, wa pwani. Ubao ulikuwa kimya. Kisha tangazo la mwisho likaisha, na vifuniko vikaanza kuanguka, kimoja, vitatu, saba, mpaka sikujua nianze wapi. Mama Mwende alikuwa nyuma yangu akinielekeza kwa kidole. Niliwaunganisha wanne wa kwanza. Wa tano alikuwa mama mzee, anapiga kutoka dukani, na pumzi yake ilikuwa juu kama mtu aliyekuja mbio.

"Nitafutie kijana wangu Kitui," akasema. "Wamesoma baba yake. Hajui. Hana redio."

Nilitazama ubao. Matundu yote manne yalikuwa na waya. Kwa miaka nilikuwa nimeandika mtu huyu kwenye ripoti, mmoja katika watano, mmoja katika mia, na sikuwa nimewahi kumsikia akipumua.

"Laini zimejaa, mwaitu," nikasema. "Usiende mbali. Ikipatikana nitakupigia."

 Nilingoja anitukane, na ningefurahi kama angenitukana.

"Ni muvea, mwana wakwa," akasema. Asante, mwanangu. Nilikuwa nimemnyima laini, naye akanishukuru.

Dakika nne baadaye tundu la pili likawa wazi. Nikamrudia mama yule, nikachomeka waya kwa mkono wangu, na huko Kitui kijana akaitikia. Nilipohakikisha wanasikizana nikavua hedifoni, maana nilikuwa nalia na sikuona vizuri matundu mengine. Nikampisha Mama Mwende. Aliketi kwenye kiti chake, akaendelea kuwaunganisha watu, na mimi nikabaki nimesimama nyuma yake nikijifunza kazi.